Si Jua Linalokunywa Bwawa Lako

Ukichimba bwawa la perege uani na maji yakakataa kukaa, washauri hawakosekani. Kila mmoja ana sababu yake, na karibu zote hukutoboa mfuko kabla hujajua maji yanapitia wapi.

"Ni jua hilo." Huu ndio utetezi wa fundi aliyekwisha kulipwa. Jua hunywa, ndiyo, lakini hata kwenye joto na upepo, maji ya wazi kwa kawaida hupungua milimita chache tu kwa siku. Wala hapana haja ya kubishana. Tia mawe kwenye ndoo, ijaze maji, isimamishe ndani ya bwawa, kisha weka alama mbili: moja ndani ya ndoo, nyingine kwenye kijiti kilichochomekwa bwawani. Funga bomba, ngoja siku nzima isiyo na mvua. Jua limepiga ndoo na bwawa sawasawa. Ndoo ikipungua milimita 6 na bwawa sentimita 5, hiyo tofauti imepita ardhini. Katika bwawa la mita 10 kwa 10, ni kama lita 4,400 kwa siku. Jua gani hilo?

"Udongo wetu mwekundu, ni mfinyanzi mtupu." Rangi haizuii maji. Udongo mwekundu wa miinuko mara nyingi una mfinyanzi mwingi kweli, ila umegandamana katika vipunje vidogo, na maji hujipenyeza katikati yake. Kahawa huupenda kwa sababu hiyohiyo. Chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze asubuhi, lijaze tena jioni, ulifunike kwa majani. Kesho yake likiwa karibu tupu, udongo huo hautashika maji kama ulivyo. Haimaanishi haufai. Ulowanishe kidogo, uutandaze tabaka kwa tabaka za sentimita 15 na kuzishindilia. Vile vipunje vikivunjika, mara nyingi udongo uleule hukaza.

"Subiri, litajiziba lenyewe." Hapa pana nusu ya ukweli. Bwawa jipya hunywa sana mwanzoni, kisha tope laini na samadi huziba vinyweleo. Tundu halizibiki hivyo. Maji yanayotoka kando ya bomba la kutolea maji, kwenye shimo la kaa au mzizi uliooza ndani ya tuta, hubeba udongo na kulipanua. Angalia maji ya bwawa yanaposimama: yakishuka hadi usawa uleule kila mara na kutulia, zunguka kingo kwenye usawa huo, ufukue.

"Chimba zaidi, utaukuta mfinyanzi." Au utautoboa ule mwembamba uliokuwa nao na kuangukia kwenye mchanga. Isitoshe, kina kikiongezeka, maji husukuma kwa nguvu zaidi.

"Piga plasta tu." Saruji nyembamba juu ya udongo usioshindiliwa hupasuka udongo unapotitia, na kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kunywea kiangazi, ni hasara tupu. Kwenye kichanga cha pwani sibishi: nunua nailoni nene ya mabwawa. Ila ondoa kwanza mawe na mizizi, na ufukie kingo zake juu ya tuta, la sivyo itateleza ndani bwawa likijaa.