Kichupa cha maabara kisiingie kwenye mzigo wa sokoni

Mfanyabiashara wa mpakani huijua bidhaa kwa mkono na jicho. Kitenge hukunjuliwa, maharage humwagwa kiganjani, mafuta hunuswa. Sasa ipo bidhaa inayotangazwa kwenye simu ambayo haikaguliwi hivyo: kichupa cha kioo chenye unga mweupe, kinachosifiwa kwamba huponya vidonda, kano na tumbo. Jina lake ni BPC-157. Anayefikiria kukiuza Mbarara au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale ajue kwanza anabeba nini, na mzigo ukiharibika utamwangukia nani.

BPC-157 ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Huu una 15. Hutengenezwa maabara kwa kuiga kipande cha protini inayoelezwa kuwamo katika maji ya tumbo la binadamu. Peptidi yenyewe si kitu cha kuogopwa, kwani insulini ya wagonjwa wa kisukari ni ya ukoo huohuo. Tofauti iko kwenye ushahidi. Kwa takriban miaka 30 watafiti, wengi wao wa Zagreb nchini Croatia, wameijaribu kwa panya na kuandika kwamba hupunguza uvimbe na kuharakisha kupona. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo mno. Tangu 2022 imepigwa marufuku kwa wanamichezo duniani. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta hatari kubwa vikitengenezwa na wafamasia kwa ajili ya wagonjwa.

Wauzaji wengi wa mtandaoni hubandika maneno haya kwenye kichupa: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Maneno hayo ni ngao ya muuzaji wa kwanza. Mtu akidhurika, yeye atajibu kwamba hakuuza dawa. Ngao hiyo haimfuniki anayenunua na kuuza tena sokoni huku akisema inaponya. Kwa kusema hivyo, ameuza dawa. Sheria ya Uganda ya mwaka 1993, iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, inataka mwenye kuingiza au kuuza dawa awe na leseni. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachowaondolea ushuru wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, hakisaidii hapa. Ni cha bidhaa za ndani ya Jumuiya, na hakichukui nafasi ya kibali cha dawa.

Atakayetetea biashara hii atasema uhitaji upo, na ni kweli. Nakivale, iliyoanza mwaka 1958, ina zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia. Wengi walifika na majeraha ya vita na ya safari. Mwenye kidonda kisichopona yuko tayari kulipa. Lakini unga huo huchanganywa na maji na kudungwa kwa sindano. Maji yasipokuwa safi, anayetafuta kuponya kidonda kimoja hupata jipu la pili. Tena siku anazosubiri sindano ifanye kazi ni siku ambazo angekuwa ameshafika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara.

Mbarara yenyewe inajua jinsi dawa inavyopatikana. Mji huo ulikuwa kituo kimojawapo cha jaribio kubwa lililolinganisha sindano ya artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliipendekeza artesuneti kwa watoto hao. Hapo hesabu ilifanywa mbele ya madaktari, na vifo vikahesabiwa pamoja na waliopona. Kama BPC-157 ina faida, ipite njia hiyohiyo. Watu wa Nakivale wasigeuzwe panya wa jaribio lisilo na daktari wala daftari.

Serikali nazo zina deni. Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa, ulioanza mwaka 2012, unazungumza zaidi na viwanda. Mwenye begi moja anayevuka Mutukula, Mirama Hills au Katuna anahitaji kitu chepesi zaidi: ubao wa Kiswahili unaotaja bidhaa zinazotaka kibali cha dawa, na namba ya kupiga kuuliza kabla ya kununua. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Mpakani ndipo pa kuanzia kukitumia.

Hadi ubao huo uwekwe, kipimo ni kimoja. Bidhaa ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba si ya binadamu, mfanyabiashara asimuuzie binadamu. Mtaji wa dola mia mbili hurudi kwa msimu mmoja mzuri wa vitenge. Mteja aliyedhurika harudi, na jirani zake pia hawarudi.