Mstari Uchorwe Akilini Kwanza

Programu za kompyuta zinazoiga uga wa sumaku humwezesha mwanafunzi kuchora mstari, kuukunja, kuufuta na kuuchora upya, kisha kuiamuru kompyuta ijumlishe uga kuufuata mstari huo. Jibu hutoka papo hapo. Hapo ndipo penye hatari, kwani kompyuta hujumlisha mstari wowote ule, uwe na maana au usiwe nayo.

Uchukuliwe mfano wa waya mrefu ulionyooka, wenye mkondo wa ampea 10 usiobadilika. Kwa mujibu wa kanuni ya Ampère, kila mstari uliofungwa ambao unauzunguka waya huo mara moja hutoa ampea 10, uwe duara, mraba au umbo lililopindapinda. Mstari uliofungwa ukiuacha waya nje hutoa sifuri. Usiofungwa hutoa jibu jingine, nalo huandikwa kwa desimali nyingi vilevile.

Mwanafunzi asiyeijua kanuni hataitambua tofauti. Na kesho ndiye atakayesanifu mota na transfoma. Kwa hiyo yafaa mwalimu amtake kwanza achore mstari wake karatasini na kutabiri jibu. Kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 5, nguvu ya uga ni takriban ampea 31.83 kwa mita, na mzingo ni mita 0.3142. Zao lake ni 10.

Kazi hiyo yahitaji chaki na ubao tu. Shule isiyo na kompyuta haikunyimwa somo hili, na iliyo nayo isidhani imekwisha kulipata.