Mtu Huvuka kwa Pasipoti, Gari Huvuka kwa Mkataba

Jiografia imemwekea msafiri wa Arusha viwanja viwili vya ndege, na historia imepitisha mpaka wa nchi katikati yake. Wa kwanza ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake cha KIA, ambao ulifunguliwa mwaka 1971 katika Wilaya ya Hai na uko takribani kilomita 50 kutoka jijini. Wa pili ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, ambao kuufikia kwa barabara kunadai kilomita zipatazo 260 kupitia Namanga, mji uliogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Kwa kipimo cha ramani peke yake mjadala ungeishia hapo, kwa kuwa si kawaida ya mtu kuacha kisima kilicho uani kwake akachote maji kijiji cha pili. Hata hivyo wapo wanaofanya hivyo, nao wana sababu zao, na swali linalostahili kupimwa ni kama nafuu wanayoifuata Nairobi inabaki kuwa nafuu baada ya gari, mafuta, maegesho na foleni ya mpakani kuingizwa katika hesabu.

Kinachowavuta kwanza ni nauli. Bei ya tiketi ya ndege haipangwi kwa urefu wa safari kama ilivyo nauli ya basi, bali hupangwa kwa wingi wa mashirika yanayogombea abiria wale wale, kwa idadi ya viti vilivyosalia, na kwa makadirio ya kiasi ambacho wasafiri wa mahali fulani wako tayari kulipa. Nairobi ni kitovu cha usafiri wa anga, yaani uwanja ambao shirika hukusanyia abiria wa njia nyingi na kuwasambaza kwa ndege nyingine. Kenya Airways ina makao yake hapo, na tangu Oktoba 2018 imekuwa na safari ya moja kwa moja kwenda New York. KIA nao una mashirika makubwa, yakiwamo KLM, Ethiopian Airlines na Qatar Airways, lakini ulijengwa hasa kwa ajili ya watalii wa Mlima Kilimanjaro na mbuga za kaskazini, na mtalii aliyekwisha kulipia safari yake nzima akiwa kwao si mtu wa kubishania bei ya kiti kama afanyavyo mfanyabiashara wa Arusha anayekwenda kununua bidhaa Guangzhou.

Ushindani wa viwanja hivi viwili ni wa siku nyingi. Kabla ya 1971 mtalii wa Serengeti kwa kawaida alishukia Nairobi, na kujengwa kwa KIA kulikuwa njia ya Tanzania kujitafutia mlango wake yenyewe. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, pamoja na shirika la ndege la pamoja la East African Airways, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kumbukumbu hiyo inasaidia kueleza kwa nini suala dogo kama la mahali pa kushushia abiria linaweza, hata leo, kufika mezani kwa marais.

Mpakani ndipo ilipo tofauti ambayo wasafiri wengi huigundua wakiwa wamechelewa: sheria inayomvusha mtu si ile inayolivusha gari lake. Kwa upande wa mtu, mambo yamelegezwa sana. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine bila viza, na Mtanzania huvuka Namanga kwa pasipoti au kwa hati ya dharura ya kusafiria. Tangu Desemba 2018, ambapo Marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli walikizindua rasmi, Namanga ina kituo cha huduma za pamoja, maana yake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja na msafiri hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili.

Gari halikupewa uhuru huo. Likivuka, huhesabiwa na forodha kuwa mali iliyoingia kwa muda, na mwenye nalo hupewa kibali chenye tarehe ya mwisho, ambayo ikipita gari likiwa bado ndani ya nchi, mmiliki huwa amevunja sheria hata kama hakuligusa. Linahitaji pia bima inayotambulika ng'ambo, ambayo kwa kawaida ni Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa kikanda unaomlinda mtu wa tatu, yaani yule anayeweza kuumizwa au kuharibiwa mali na gari la mgeni. Tanzania ilijitoa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huo. Wakati huo huo msafiri mwenyewe anapaswa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Tanzania hukidai kwa watokao nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwa mojawapo, na cheti hicho nacho watu hukiita kadi ya njano. Namanga, basi, ni mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa kadi ya njano mara mbili, moja ya mwili wake na nyingine ya gari lake.

Gari likiwa la biashara, mambo huwa mazito zaidi. Magari ya watalii ya nchi hizi mbili yamekuwa yakiongozwa na makubaliano ya mwaka 1985, ambayo yanaweka mipaka ya mahali gari la nchi moja linapoweza kuwapeleka wageni ndani ya nchi nyingine. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia katika uwanja wa Jomo Kenyatta kuchukua na kushusha wageni. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways nchini kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, na ikabidi Marais Jakaya Kikwete na Uhuru Kenyatta wakutane ndipo hatua zote mbili ziondolewe. Katika mvutano huo wote hakuna msafiri aliyenyimwa haki ya kupanda ndege Nairobi. Kilichonyimwa haki ni gari lililomleta, jambo ambalo kwa mtu mwenye masanduku mawili na mtoto mgongoni halina tofauti kubwa.

Kwa kuzingatia tofauti hiyo, njia zilizopo zinaweza kupimwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni kuendesha gari binafsi hadi Nairobi na kuliacha katika maegesho ya uwanja. Kwenda na kurudi ni takribani kilomita 520, ambazo kwa gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 ni lita 52 za mafuta, na juu yake kuna ada ya maegesho, ambayo huendelea kukua wakati mwenye gari yuko angani. Kwa safari ya siku tatu njia hii inaweza kuvumilika. Kwa safari ya matibabu India, ambayo huanza kama ya wiki mbili na kuishia miezi miwili, kibali cha forodha kinaweza kuisha gari likiwa limeegeshwa na dereva wake akiwa wodini.

Njia ya pili, ambayo familia nyingi huiona kuwa ya bure kwa kuwa hailipiwi maegesho, ni kupelekwa na ndugu au dereva ambaye hurudi na gari nyumbani kisha akaja tena kupokea. Hesabu yake ndiyo mbaya kuliko zote: safari mbili kamili ni kilomita 1,040, mafuta ni lita 104, na gari huvuka mpaka mara nne. Mtu huyo huyo akipelekwa na kupokewa KIA, gari litatembea kilomita 200 na kutumia lita 20. Tofauti ya lita 84, ikijumlishwa na siku mbili za dereva, ndicho kiasi ambacho punguzo la tiketi ya Nairobi linapaswa kukizidi kabla tiketi hiyo haijaanza kuitwa nafuu.

Njia ya tatu ni kuliacha gari Namanga upande wa Tanzania, kilomita zipatazo 110 kutoka Arusha, kuvuka kwa miguu na kupanda matatu upande wa pili. Mantiki yake ni nzuri, maana gari halitoki nchini na halihitaji kibali wala bima ya kikanda, lakini inategemea kitu kimoja, nacho ni mahali pa kuaminika pa kuegesha kwa siku nyingi. Msafiri asiye na mwenyeji Namanga atabaki kutegemea ua wa nyumba ya wageni na uaminifu wa mlinzi.

Njia ya nne ni basi dogo la moja kwa moja, kwa kawaida Kosta, linalotoka Arusha hadi Nairobi kwa saa tano au sita na kuwashusha abiria uwanjani likiwa njiani. Jambo hilo linawezekana kwa sababu barabara ya Namanga huingia katika barabara ya Mombasa pale Athi River, na uwanja upo kabla ya katikati ya jiji kwa anayetoka kusini, hivyo abiria huepuka foleni za mjini, ingawa za Kitengela na Mlolongo humngoja. Udhaifu wa njia hii ni ratiba: mabasi haya husafiri zaidi mchana, ilhali ndege nyingi za masafa marefu huondoka Nairobi usiku, na abiria anaweza kujikuta amefika saa nyingi kabla ya ndege yake.

Ya tano ni kupanda ndege KIA hadi Nairobi na kuunganisha hapo. Ubora wake hauko katika kasi tu bali katika aina ya tiketi, kwa kuwa safari zote mbili zikiwa katika tiketi moja, abiria akichelewa kwa kosa la ndege ya kwanza shirika hubeba jukumu la kumtafutia kiti kingine. Anayefika kwa barabara hana kinga hiyo, kwa maana mkataba wake na shirika huanzia Nairobi, na foleni ya Namanga, pancha ya Kajiado au maandamano ya jijini ni shauri lake mwenyewe. Si hofu ya kinadharia: Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Nairobi waligoma kupinga mpango wa kuukodisha kwa kampuni ya Adani ya India, na ndege nyingi zikachelewa. Mgomo huumiza abiria wote, lakini aliye kilomita 260 kutoka nyumbani, katika nchi ya watu, huumia zaidi.

Wapo wanaoona kwamba suala hili ni la uzalendo, kwa hoja kwamba kila abiria wa Arusha anayepandia Nairobi anaipunguzia KIA mapato na anayapunguzia mashirika sababu ya kuongeza ndege huko. Hoja hiyo ina ukweli, kwani shirika huongeza safari pale linapoona abiria, lakini inasahau kwamba mpaka hukata pande zote mbili. Mkazi wa Taveta, mji wa Kenya ulio mkabala na Holili ya upande wa Tanzania, yuko chini ya kilomita 100 kutoka KIA, ilhali akitaka kwenda Nairobi kupitia Voi hutembea zaidi ya kilomita 400. Kwa ramani, KIA ndio uwanja wa Taveta. Sera ya kuwazuia wa Arusha wasiende Nairobi ingehalalisha ile ya kuwazuia wa Taveta wasije Hai, na KIA ungepoteza wateja ambao haujawahi kuwatafuta.

Mifano ya mbali inaonyesha kwamba jambo hili lina ufumbuzi. Mjini San Diego, Marekani, lilifunguliwa mwezi Desemba 2015 daraja la watembea kwa miguu lenye urefu wa takribani mita 120, ambalo huwavusha wenye tiketi peke yao, kwa malipo, hadi ndani ya uwanja wa ndege wa Tijuana, Meksiko. Gari hubaki katika maegesho ya upande wa Marekani na halikutani na forodha kabisa. Kati ya Belfast, iliyo chini ya Uingereza, na uwanja wa Dublin nchini Ayalandi, mabasi huenda moja kwa moja usiku na mchana, kwa saa zinazofuata ndege. Wa kwanza walijenga daraja na wa pili wakapanga ratiba, lakini wote walifuata kanuni moja, kwamba avuke mtu na chombo chake binafsi kisimame.

Mazingira ya Arusha hayadai daraja. Yanadai maegesho yenye ulinzi na risiti kando ya kituo cha Namanga, leseni ya basi inayotamka wazi haki ya kufika mlango wa uwanja wa upande wa pili, na ratiba inayozingatia ndege za usiku. Hayo ni mambo ambayo halmashauri na mamlaka za usafirishaji za nchi mbili zinaweza kuyamaliza bila kuwasumbua marais. Hadi hapo, Nairobi inamfaa anayepata ndege ya moja kwa moja ambayo KIA haina, au familia ambayo tofauti ya nauli huzidishwa kwa vichwa vinne huku kiti cha basi kikiwa cha gharama ndogo. Msafiri wa peke yake anayetaka kwenda na gari lake hadi uwanjani anapaswa kuanza kwa kuandika kilomita kabla ya kuandika nauli, na mara nyingi atakapomaliza kujumlisha ataona kwamba tiketi ya Hai, iliyoonekana ghali, ilikuwa imekwisha kulipia barabara.