Paka wako anazaa, mtaa ndio unalea

Wasee, kumhasi paka si ukatili. Ukatili ni kuweka watoto wake kwa gunia na kuwatupa mtoni usiku, halafu kesho unaposti picha ya mama yao na vimoyo.

Paka hubeba mimba kama miezi miwili tu, na anaweza kushika nyingine kabla wale wa kwanza hawajaacha kunyonya. Ploti ya vyumba 20 italea wangapi?

(Na wewe bosi unayelia ati mbwa wako akihasiwa "atakosa uanaume": mbwa hana hiyo presha. Ni yako.)

Lakini bei, aki, hapo siwalaumu. Mama mboga hawezi kuacha kodi ya nyumba ndio alipie paka upasuaji. Ugomvi wangu ni na kaunti. Mbwa koko wakizidi, wazo la kwanza la wakubwa huwa sumu. Unaua hawa, wengine wanahamia jalala lilelile na kuzaa. Mwaka wa 2014 Kenya ilijiwekea lengo: kufikia 2030, mtu asife tena kwa kichaa cha mbwa. Hiyo inataka mbwa 70 kwa kila 100 wachanjwe, na kila kinda anayezaliwa hapo jalalani anashusha hiyo hesabu.

MCA wako hakosi hema ya harambee. Basi alete moja na daktari wa mifugo, chanjo na kuhasi siku hiyohiyo, watu walipe bei ya pakiti mbili za unga. Mtagi hapa chini.