Uzuri Si Amri ya Kununua

Kitu kizuri hakimwamuru mtu akinunue. Neno hili ni jepesi kutamka na zito kutenda, na uzito wake huonekana wazi mbele ya meza ya muuza shanga za kioo zilizofanywa kwa mkono. Hapo kijana mwenye fedha chache husimama, hutazama, hutia mkono mfukoni, na nauli ya kesho huondoka leo. Nasema kwamba tabia hii ni mbaya, na kwamba hoja zitolewazo kuitetea hazina nguvu.

Sisemi kwamba shanga hizo hazina maana. Fundi huushika ufito wa kioo katika mwali wa moto mpaka ulainike kama asali, kisha huuzungusha juu ya waya uliopakwa udongo, akatia rangi nyingine kwa nukta na mistari. Ushanga ukiisha kufanyika hupozwa polepole, maana ukipoa kwa ghafula hupasuka. Kazi hii yastahili malipo kamili, wala si haki kumsumbua fundi apunguze bei hata akose chakula chake. Lakini thamani ya kitu ni jambo moja, na uwezo wa mnunuzi ni jambo la pili. Mtu hujikuna ajipatapo.

Tamaa ya ushanga si mpya katika nchi zetu. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru tanuru za kioo zihamie kisiwa cha Murano kwa kuogopa moto, na baada ya karne nyingi shanga za Venice zilifika Unguja, zikachukuliwa bara na wapagazi, zikatumika njiani kama fedha. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa na majina mengine pia. Moja alilieleza kuwa maana yake ni mmaliza chakula, na jingine mvunja mji, kwa vile wanawake walivyoupenda kupita kiasi. Mvulana asicheke asomapo habari hii, kwani bangili ya ushanga iko mkononi mwake leo. Naye Henry Morton Stanley, alipokusanya mizigo yake Unguja mwaka 1871, alijifunza kwamba ushanga uliopendwa katika nchi moja ulikataliwa katika nyingine. Kioo kilikuwa kile kile. Macho ya watu ndiyo yaliyokipandisha na kukishusha bei.

Sasa tuzisikilize hoja. Wa kwanza husema, "Ni mmoja tu." Tuseme ushanga mmoja wauzwa shilingi 150, na kijana hununua mmoja kila juma kwa majuma 12 ya masomo. Mwisho wake ametoa shilingi 1,800, wala hakumbuki siku aliyokata shauri la kutumia fedha nyingi namna hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Wa pili husema, "Nanunua ili nimsaidie fundi." Nia hii ni njema, lakini twapaswa kuuliza fedha hizo ni za nani. Mzazi aliamka alfajiri akauza maziwa au akachuma chai ili mtoto apate daftari na nauli. Kuwa mkarimu kwa jasho la mwingine, bila ya ruhusa yake, si ukarimu. Fundi wa haki apenda mnunuzi atakayerudi mwaka ujao kuliko yule anunuaye leo akakopa kesho.

Wa tatu husema, "Nitatunga mikufu niuze, nipate faida." Huenda akapata. Basi na aanze na shanga zilizolala katika kopo nyumbani, ambazo hazijaona uzi tangu zinunuliwe. Mkufu wa kwanza ukiuzwa, bei yake na inunue shanga za mkufu wa pili. Biashara isiyoweza kujilisha kwa mkufu mmoja haitashiba kwa shanga mia.

Dawa yake si ngumu. Ushanga ukikuvuta, andika katika daftari bei yake, tarehe, na kazi utakayoufanyia, kisha uondoke. Ngoja siku 30. Uendapo sokoni, chukua fedha za kile ulichotumwa au ulichokusudia, na nyingine uziache nyumbani. Kila mwezi tenga fungu dogo lililo lako kweli, hata likiwa shilingi 20. Mara nyingi utafungua daftari ukaona kwamba hamu imekwisha yenyewe. Na kama ingali ipo, na fungu limetimia, nenda ukanunue kwa furaha, umlipe fundi haki yake yote.

Vijana, atakayeshindwa na ushanga akiwa na umri wa miaka 15 atashindwa na vitu vikubwa zaidi akiwa na mshahara. Jifunzeni sasa, wakati hasara ni ndogo. Ushanga hupendeza zaidi katika shingo ya mtu asiyedaiwa.