Kisu cha Okapi: Bei ni ndogo, thamani yake ni ipi?

KISU cha mfukoni ni bidhaa ndogo ambayo wengi huinunua kwa haraka kuliko wanunuavyo kilo ya sukari. Mnunuzi hukikunjua, hupitisha kidole gumba juu ya makali, huuliza bei, hupunguziwa kidogo na kuondoka. Muuzaji kwa upande wake husifu jina lililopigwa chapa kwenye bapa, na biashara huishia hapo. Kati ya wawili hao, ni nadra kumpata anayeuliza fedha inayotoka inalipia kitu gani: chuma, kazi ya kiwandani, dhamana, au jina tu.

Swali hilo linakifaa zaidi kisu cha Okapi, chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota za madini, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kisu cha mtu wa kipato cha chini kusini mwa Afrika na hata kisiwani Jamaika. Wapo wanaokisifu kwamba hakina mpinzani kwa bei yake. Wapo pia wanaokibeza kuwa ni chuma hafifu cha kutupwa baada ya msimu mmoja. Pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo huwagharimu wanunuzi na wauzaji fedha.

Jina la zamani, kiwanda kingine

Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, ikikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika. Wakati huo makoloni hayo yalikuwa pamoja na nchi ambazo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Jina lenyewe ni la mnyama wa msitu wa Ituri, nchini Kongo, ambaye alitambuliwa na wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901, mwaka mmoja tu kabla ya kisu hicho kuingia sokoni. Kwa lugha ya leo, waliochagua jina hilo walijua kutangaza biashara.

Hata hivyo, tangu mwaka 1988 kisu hicho kinatengenezwa Afrika Kusini, baada ya kampuni ya huko kununua alama ya biashara pamoja na zana za kukitengenezea. Kwa hiyo, muuzaji anayemwambia mteja kuwa kisu kipya cha Okapi ni "mali ya Mjerumani" anauza hadithi iliyokwisha zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Kutengenezwa Afrika Kusini si dosari. Dosari ni kumtoza mnunuzi bei ya sifa ya Ujerumani kwa bidhaa ambayo haitoki huko.

Chuma kinasema nini

Ubora wa kisu huanza kwenye bapa. Bapa la Okapi ni la chuma cha kaboni cha daraja linaloitwa 1055, yaani chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.55. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu kinapochomwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na hivyo kushika makali.

Mnunuzi wengi watashangaa kusikia kwamba kisu maarufu cha Uswisi cha Victorinox, ambacho huuzwa kwa bei ya juu mara kadhaa, kina kiasi cha kaboni kinachokaribiana sana na hicho. Tofauti kubwa iko kwenye kromi. Chuma cha Victorinox kina kromi ya asilimia 13 hadi 15, na hiyo ndiyo inayozuia kutu. Chuma huanza kuhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Chuma cha Okapi hakina kinga hiyo.

Kisu cha tatu cha kulinganisha ni Opinel cha Ufaransa, kilichoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890 katika milima ya Savoie. Chenyewe huuzwa kwa namna mbili: bapa la chuma cha kaboni ya asilimia 0.9, na bapa la chuma kisichoshika kutu. Kiwanda humwachia mnunuzi achague, na jambo hilo peke yake ni fundisho, kwa kuwa kila aina ya chuma ina kazi yake na gharama yake.

Sifa ya chuma cha kaboni ni kwamba kinanoleka upesi. Mkulima akiwa na jiwe la kawaida la kunolea anaweza kurudisha makali kwa dakika chache. Ubaya wake ni kutu. Kisu kikikatiwa ndimu au embe na kuwekwa bila kufutwa, bapa hubadilika rangi na kuwa jeusi. Weusi huo hauna madhara. Lakini kikiachwa na unyevu wa maji ya chumvi, kutu nyekundu huanza mapema na hula makali. Kwa mvuvi wa pwani, kisu hicho kinadai ulinzi ambao fundi viatu wa bara hauhitaji sana.

Mtu anayesema Okapi ni chuma hafifu, basi, anachanganya mambo mawili. Chuma kushika kutu hakumaanishi kuwa ni dhaifu. Panga na majembe mengi hushika kutu, na hakuna mkulima anayeyaita hafifu kwa sababu hiyo.

Kufuli na kazi ya mikono

Pale ambapo bei ndogo ya Okapi huonekana wazi ni katika umaliziaji. Kisu hicho hufungwa na springi ya chuma iliyolala mgongoni mwa mpini. Katika aina zenye kufuli, bapa likishakunjuliwa hushikwa na springi hiyo, na mtumiaji huivuta kwa pete ndogo ili kulikunja tena. Utaratibu huo ni rahisi, unaonekana kwa macho, na hauna siri ya kumshinda fundi wa mtaani.

Lakini urahisi huo unategemea vipande kukaa sawasawa. Bapa linapocheza huku na huku kwenye ribiti, au springi inapolegea, kufuli huwa la kumdanganya mtumiaji. Hapo suala si fedha tena, ni vidole. Kisu kinachojikunja wakati mtu anakandamiza kamba au ngozi kinaweza kumpeleka hospitali mtu ambaye kazi yake yote iko mikononi.

Opinel walilitatua jambo hilo mwaka 1955 kwa pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini na kulizuia bapa. Hata hivyo mpini wao wa mbao huvimba ukilowa, na bapa likawa gumu kukunjuka. Kisu cha kawaida kidogo cha Victorinox hakina kufuli kabisa. Bapa huzuiwa na nguvu ya springi peke yake, na mnunuzi anayekazia sana anapaswa kulijua hilo. Hakuna kisu kati ya hivyo vitatu kisicho na upungufu. Anachonunua mteja ni aina ya upungufu anaoweza kuishi nao.

Hesabu ya miaka

Wauzaji wa visu vya bei kubwa hupenda kusema kwamba rahisi ni ghali. Usemi huo una ukweli, lakini unafaa kupimwa kwa hesabu.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kisu cha bei ndogo kinauzwa shilingi 10,000 na kudumu miaka 2, na kisu cha bei kubwa kinauzwa shilingi 60,000 na kudumu miaka 15. Katika miaka 15 mtu wa kwanza atanunua visu 8 na kutumia shilingi 80,000. Wa pili atakuwa ametumia shilingi 60,000. Hapo aliyenunua ghali amepata faida ya shilingi 20,000, ingawa faida hiyo huanza kuonekana mwaka wa 13 tu, kwa sababu kufikia mwisho wa mwaka wa 12 wawili hao wamelingana.

Sasa ichukuliwe kwamba kisu kimepotea mwishoni mwa mwaka wa nne. Kisu cha mfukoni hudondoka shambani, huazimwa kisirudi, na uwanja wa ndege huchukuliwa na wakaguzi, hasa tangu masharti yalipokazwa baada ya Septemba 11, 2001. Mwenye kisu cha bei ndogo atakuwa ametumia shilingi 20,000 kwa miaka hiyo minne. Mwenye kisu cha bei kubwa amepoteza zote 60,000.

Kuna hesabu ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji. Iwapo kisu hicho cha shilingi 10,000 kitafutwa kila kinapotumika na kupakwa mafuta kidogo, kikadumu miaka 5 badala ya 2, gharama ya miaka 15 itashuka hadi shilingi 30,000. Kitambaa kikavu na tone la mafuta vimeokoa shilingi 50,000. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile inayotokana na jina la kiwanda.

Dhamana nayo iingizwe katika hesabu. Victorinox hutoa dhamana isiyo na ukomo wa miaka kwa kasoro za chuma na za utengenezaji, lakini haihusu uchakavu wa kawaida wala matumizi mabaya. Aliyevunja ncha ya kisu kwa kufungulia kopo la rangi hana madai. Tena dhamana ni mali pale tu mteja anapoweza kulifikia duka linaloitambua.

Jina si ushahidi

Biashara ya visu ina historia ndefu ya majina kutumiwa vibaya. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, na moja ya sababu zake ni visu vya Ujerumani vilivyokuwa vikiuzwa kwa jina la mji wa Sheffield. Nao Wajerumani, mwaka 1938, waliweka sheria ya kulilinda jina la Solingen, mji wao wa visu, lisitumiwe ovyo.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa kijiji cha Laguiole huko Ufaransa. Jina hilo lilikuwa la aina ya kisu, halikuwa mali ya kiwanda kimoja. Mwaka 1993 mfanyabiashara asiye mwenyeji wa kijiji hicho aliliandikisha kwa bidhaa nyingi, na kesi zikadumu mahakamani kwa miaka mingi. Mnunuzi anayeona neno Laguiole kwenye bapa hajaambiwa lolote kuhusu ubora, maana kisu hicho kinaweza kuwa cha fundi hodari au cha kiwanda chochote duniani.

Hali ni hiyo hiyo kwa kisu chochote kinachopata umaarufu, Okapi ikiwemo. Kinachovutia wateja huvutia pia waigaji. Muuzaji anayechanganya mali halisi na ya kuiga kwenye meza moja anaweza kupata faida ya mwezi mmoja, kisha akapoteza wateja wa mwaka mzima.

Kwa hiyo mnunuzi akague kisu chenyewe kabla ya kusoma jina. Alikunjue bapa na kulitikisa polepole pembeni. Likicheza, akiweke chini. Afunge kufuli na kujaribu kulikunja kwa nguvu ya wastani bila kuvuta pete, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Alikunje tena na kutazama kama bapa limekaa katikati ya mpini au linasugua upande mmoja. Aangalie ribiti na nafasi kati ya mbao na chuma. Makali butu yasimtishe sana, kwani hayo hurekebishwa kwa jiwe; ribiti legevu hairekebishiki kwa maneno ya muuzaji. Na kwa kuwa visu vya bei ndogo hutofautiana kimoja na kingine, ni vyema akague vitatu na kuchagua kimoja.

Kwa kupima yote hayo, Okapi inastahili bei yake mikononi mwa mkulima, mchungaji, fundi viatu au mpakiaji mizigo anayejua kunoa na kufuta kisu. Haimfai mtu anayetaka kukitupa mfukoni kikiwa kimelowa na kukisahau. Mvuvi, mpishi na mtu wa pwani watafanya vyema kulipia kromi, ama kwa Victorinox ama kwa Opinel isiyoshika kutu. Na bei ya Okapi ikipandishwa hadi kukaribia ya visu hivyo kwa kisingizio cha jina la zamani, sababu ya kuinunua inakwisha.

Wahenga walisema mwenye kisu ndiye mla nyama. Sokoni, nyama huliwa na yule aliyekikagua kisu kwanza.