Wimbo Unafika Kumsenga, Hela Inabaki Njiani

Mwaka 2024 Diamond Platnumz alitoa wimbo wa Komasava. Vijana wakaudaka TikTok, uchezaji wake ukavuka bahari, na mwaka haujaisha Jason Derulo wa Marekani akaingia kwenye toleo jipya la wimbo huohuo. Waliobeba tangazo la wimbo ule walikuwa watu wa kawaida, kila mmoja na simu yake, wakijirekodi sebuleni, shuleni na barabarani. Hadithi za namna hii ndizo zinazowafanya wadau wa muziki waseme kwamba mitandao imevunja milango yote: mwenye kipaji na simu, popote alipo, sasa yuko sokoni.

Hayo madai ya "popote alipo" hayana haja ya kupimwa Sinza wala Mikocheni, Dar es Salaam. Yapimwe Kumsenga.

Kumsenga ni kata ya Wilaya ya Kibondo, kwenye nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, katika wilaya inayopakana na Burundi. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Kigoma ukiwa na watu wapatao milioni 2.47, na wengi wao wako vijijini. Mwaka huohuo ndipo gridi ya taifa ilipofika Kasulu na Kigoma. Kabla ya hapo miji ya mkoa iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Kwa hiyo mtu anapozungumzia mapinduzi ya kidijitali huku, anazungumzia jambo lililokuja na simu ya kuchajiwa kwa sola dukani kwa jirani, muda mrefu kabla ya nguzo ya umeme.

Zamani njia ilikuwa nyembamba, na mlinzi wake alijulikana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya serikali ndiyo iliyoamua nchi isikilize nini. Radio One ilipoanza mwaka 1994 na nyingine zikafuata, mamlaka hayo yakagawanyika, lakini yakabaki studio za Dar es Salaam. Huku magharibi Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, ikawa sauti iliyozoeleka pia kwa wenyeji. Kanda za muziki nazo zilikuwa mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Msanii alipeleka kazi yake, akapewa fedha ya mkupuo au akaahidiwa malipo kwa idadi ya nakala ambazo yeye hakuwa na namna ya kuzihesabu. Huku mikoani, nyingi ya kanda zilizouzwa zilikuwa za kunakiliwa.

Hata hivyo, enzi hiyohiyo ilimtoa Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanamke huyu wa Kagera, mkoa jirani, aliiteka nchi kwa nyimbo za Kihaya na ngoma ya kwao. Kanda zake zilinunuliwa na watu ambao Kihaya hawakijui hata salamu. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny waliurudia wimbo wake kwa jina la Salome, video ikatazamwa mamilioni ya mara YouTube, na kizazi ambacho hakijawahi kushika kanda kikalifahamu jina la Saida. Wimbo wa lugha ya nyumbani, basi, ulikuwa na soko kabla ya mitandao na umekuwa na soko baada yake. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana vijana wengi wa Kibondo na Kasulu wanaoingia studio leo hukiacha Kiha mlangoni wakiamini kwamba hakiuzi.

Na Kigoma haijawahi kukosa majina. Mwaka 2012 kundi la Kigoma All Stars, likihamasishwa na mwanasiasa Zitto Kabwe, liliwakutanisha Diamond, Ali Kiba, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na wenzao katika Leka Dutigite, wimbo wenye jina la Kiha. Nchi nzima ikashangaa kuona ni nyota wangapi wenye asili ya mkoa mmoja. Lakini karibu wote umaarufu wao waliupatia Dar es Salaam, kwenye vituo vya redio, matamasha na mapromota wa huko. Mha aliyetaka kusikika alipanda basi au treni.

Je, leo anaweza kubaki? Jibu zuri zaidi liko Kahama, mji ambao mtu wa Kibondo huupitia akienda Dodoma. Zabron Singers ni kwaya ya Kisabato ya huko, yenye mizizi katika familia moja, na nyimbo zao Mkono wa Bwana na Sweetie Sweetie ziliwafikisha Kenya nzima. Sweetie Sweetie ikawa wimbo wa harusi huko. Hawakuhitaji kuhamia Dar es Salaam, hawakutafuta kiki ya mapenzi wala ugomvi wa kupanga. Waliweka video safi YouTube, Wakenya wakazibeba. Kwaya za Kasulu na Kibondo, ambazo hazihesabiki, zimeona somo hilo na zinalifuata: siku hizi kwaya haizindui albamu bila kuwa na mpiga picha wa video.

Ila ushindi wa Zabron usifiche namna muziki unavyosafiri kweli kwenye vijiji hivi. Siku ya gulio, karibu na wauza mitumba na maharage, kuna kijana mwenye kompyuta, spika kubwa na waya mwingi. Mteja anampa memori kadi ya kitochi chake au flashi ya redio ya bodaboda, anasema anachotaka: kwaya, singeli, za Kirundi, Bongo Fleva mpya. Kijana anamjazia, mteja analipa fedha ndogo na kuondoka. Wimbo huo utachezwa saluni, shambani na kwenye pikipiki kwa mwaka mzima, na watu watautuma kwa wenzao kwa Bluetooth bila kugusa bando. Hapa ndipo muziki unapotangazwa Kumsenga. Wasanii wengi hulijua hilo, maana ukisikika kwenye bodaboda umesikika.

Sasa tazama kioo cha redio ile wimbo unapopita. Mara nyingi kinachosomeka ni jina la tovuti ulikopakuliwa, au namba tupu ya wimbo, na jina la mwimbaji halipo. Mwimbaji amefika masikioni mwa watu elfu, na hakuna hata mmoja anayeweza kumtafuta kwa ajili ya harusi au mkutano wa injili. Kasoro ndogo hii ya jina la faili inamnyima msanii wa kijijini riziki kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa riziki yake kubwa ni mialiko.

Upande wa fedha za majukwaa, hesabu ni ngumu. YouTube haimgawii mwenye chaneli fedha za matangazo mpaka awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, kwa video za kawaida. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kwa wimbo wa dakika nne, maana yake ni utazamwe mara 60,000 kutoka mwanzo hadi mwisho. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, tangu mwaka 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wimbo uliochezwa mara elfu kumi kwenye memori kadi za Kibondo na Kasulu, kwa mahesabu ya majukwaa hayo, haujachezwa hata mara moja. Wasikilizaji wapo na shangwe ipo, ila mita haiwasomi.

Wenye nguvu nao wamejifunza kwamba mtandao peke yake hautoshi. Mwaka 2017 Diamond alianzisha wasafi.com, nyimbo zikiuzwa shilingi 300 kila mmoja. Miaka michache baadaye yeye, aliyekuwa akiongoza kwa kutazamwa YouTube katika ukanda huu, alikuwa tayari na televisheni na redio yake mwenyewe. Kama mitandao ingekuwa imeiua redio, mtu anayeifahamu mitandao kuliko wote asingeweka fedha zake kwenye redio. Alijua kwamba wasikilizaji wengi bado wako kwenye masafa, na kwamba anayemiliki masafa hahitaji kumbembeleza mtangazaji.

Matangazo ya mtandaoni pia si ya bure kama inavyosemwa. Gharama alizokuwa akibeba msambazaji sasa anazibeba msanii: video, picha, wenye kurasa kubwa wanaolipwa ili waposti, chawa wa kumsifia, na kiki za kuchonga pale wimbo unapopoa. Kwa msanii wa Dar es Salaam mwenye menejimenti, hizo ni gharama za kazi. Kwa yule ambaye fedha ya studio imetoka kwenye gunia la maharage au msimu wa tumbaku, ni ukuta, na ni mrefu kama ule wa Kariakoo, isipokuwa huu hauna mtu wa kumgongea. Uamuzi wa nani aonekane unafanywa na programu, nayo inapendelea kile ambacho tayari kinatazamwa. Na mtandao wenyewe unaweza kuzimwa: kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilifungwa nchini kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na video mpya siku hizo hakuwa na pa kuipeleka. Flashi za gulio ziliendelea kucheza.

Ndiyo maana si haki kumtazama kijana wa kompyuta na flashi kama mwizi tu. Kisheria anachofanya kina kasoro, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtaka apate ridhaa ya mwenye kazi. Lakini yeye ndiye msambazaji, ndiye di-jei na ndiye takwimu pekee ya soko la vijijini; anajua wimbo gani umeombwa na wangapi juma hili, jambo ambalo hakuna jukwaa linalolijua kuhusu Kumsenga. Serikali yenyewe imekubali kwamba kunakili hakuzuiliki, ndipo ikaweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Fikra hiyo ni nzuri. Tatizo liko kwenye kugawa. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki, na hiyo ilikuwa hatua ya kusifiwa. Ila ugawaji unaotegemea nyimbo zilizochezwa na vituo vya utangazaji utaendelea kuwapa wale ambao vituo vinawacheza. Mwimbaji wa Kiha anayetamba kwenye memori kadi hayumo kwenye orodha hiyo, hata kama flashi iliyobeba wimbo wake imelipiwa tozo.

Na Kiha si soko dogo. Mha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Wimbo uliorekodiwa Kibondo unaeleweka Ruyigi na Bujumbura, huko Burundi. Upande wa pili wa mpaka kuna mamilioni ya wasikilizaji ambao msanii wa Sinza anayeimba Kiswahili cha mjini hawafikii kwa urahisi huo. Wanaoingia studio wakikwepa lugha ya mama wanajiingiza kwenye foleni ndefu ya Bongo Fleva huku wakiacha mlango ulio wazi nyuma yao.

Teknolojia, basi, imempa msanii wa nyanda hizi kusikika. Kulipwa bado. Mengine yako mikononi mwa watu walio karibu. Studio za Kibondo na Kasulu zisikabidhi wimbo bila kuandika ndani ya faili jina la mwimbaji na namba ya simu ya kazi, kwani ni kazi ya dakika moja. COSOTA iwasajili wajaza flashi kama mawakala, kwa ada ndogo, na iwatake waandike nyimbo zinazoombwa. Orodha hizo ziingie kwenye hesabu ya mirabaha. Halmashauri, ambazo kila mwaka hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zivihesabu vikundi vya muziki na vibanda hivi kuwa biashara kamili. Nawe msomaji, wimbo wa kwenu ukikufika kwenye simu ukiwa na jina la tovuti, uliza ni wa nani, kisha mtumie mwenzako pamoja na jina la aliyeuimba.